Sayyid Barghash bin Said: Mjenzi wa Maajabu na Swali la Matengenezo

Utangulizi

Kitenzi kutengeneza katika Kiswahili hubeba maana mbili ambazo lugha kadhaa huzipa maneno mawili tofauti. Fundi akiunda kitanda kipya, husemwa kwamba ametengeneza kitanda. Akikikaza kitanda kikuukuu kilicholegea miguu, husemwa vilevile kwamba ametengeneza kitanda. Asili ya neno ni kutengenea, yaani kukaa sawa au kuwa katika hali inayofaa. Kutengeneza, basi, ni kukifanya kitu kikae sawa, kiwe hakikuwapo kabla au kilikuwapo kikaharibika. Mwanafunzi wa lugha anayetaka kuzisikia maana hizi mbili zikipishana mchana mmoja na aende Makina, katika Kibera, jijini Nairobi. Huko fundi mmoja wa vyuma huchomelea mlango mpya asubuhi, alasiri akaunga bawaba ya mlango wa zamani, na kazi zote mbili hulipiwa kwa jina moja.

Makala haya yanasimulia maisha ya Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, yakiongozwa na tofauti hiyo iliyofichika ndani ya neno moja. Barghash anakumbukwa kama mjenzi. Maji ya mfereji, hamamu, reli, meli za moshi, mtambo wa kupigia chapa na jumba la Beit al-Ajaib ni mambo yanayotajwa pamoja na jina lake katika kila kitabu cha historia ya pwani. Swali linaloulizwa kwa nadra ni hili: vitu hivyo vilikaaje baada ya kuzinduliwa? Nani aliyevipaka mafuta, akakoka moto, akazibua mabomba na kukwangua kutu? Hoja yetu ni kwamba Barghash alitimiza kwa fahari maana ya kwanza ya kutengeneza, lakini maana ya pili ikabaki kutegemea uhai wake na mfuko wake. Na kwamba tofauti hiyo inaeleza kwa nini baadhi ya kazi zake zilimfuata kaburini upesi na nyingine zikaishi.

Malezi, Njama na Uhamisho

Barghash alizaliwa mnamo mwaka 1837, akiwa mmojawapo wa watoto wengi wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani aliyeyahamishia Unguja makao yake na kuifanya karafuu kuwa uti wa mgongo wa uchumi wa kisiwa. Alikulia katika nyumba ya kifalme yenye masuria, watumwa, wanazuoni na mabaharia, ambamo ndugu wa baba mmoja waligawanyika kwa mama zao na kwa matumaini yao ya kurithi.

Mwaka 1856 Sayyid Said alifariki akiwa baharini, njiani kutoka Muscat kuelekea Unguja. Barghash alikuwa pamoja naye chomboni. Alipofika alimzika baba yake usiku, kisha akajaribu kutwaa madaraka kabla habari hazijaenea. Jaribio hilo halikufaulu, na kiti kikamwendea ndugu yake Majid. Mwaka 1859 alijaribu tena, safari hii kwa njama iliyowaingiza dada zake. Mmoja wao alikuwa Sayyida Salme, msichana aliyekuwa amejifundisha kuandika kwa siri, na ambaye kwa sababu ya ujuzi huo akawa mwandishi wa barua za waasi. Wafuasi wa Barghash walijifungia katika shamba la Marseilles. Majid akasaidiwa na Waingereza, uasi ukavunjika, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay.

Uhamisho huo wa takriban miaka miwili ulikuwa chuo ambacho hakukichagua. Bombay ya wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa na reli tangu mwaka 1853, na mnamo 1860, Barghash akiwa huko, mradi wa ziwa la Vihar ulianza kuuletea mji ule maji ya mabomba. Kijana aliyetoka katika mji wa visima alijikuta katika mji ambao maji yalisafiri chini ya ardhi na watu walisafiri juu ya chuma. Alirejea Unguja mwaka 1861, mwaka uleule ambao milki ya baba yake iligawanywa rasmi, Omani ikaenda upande mmoja na Zanzibar upande mwingine. Kwa miaka tisa alikaa kimya akingoja.

Kiti na Misukosuko Yake

Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akatawazwa. Alirithi mji uliokuwa umetoka tu katika janga la kipindupindu la 1869 na 1870, lililoua maelfu ya watu. Kabla hajapumua, Aprili 1872, kimbunga kikubwa kilikipiga kisiwa, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini, vikiwamo vya Sultani mwenyewe.

Mwaka uliofuata ukaleta shinikizo la kisiasa. Uingereza, kupitia kwa balozi wake John Kirk, ilimtaka akomeshe biashara ya watumwa ya baharini. Barghash alikataa, akasitasita, na mwishowe, akikabiliwa na tishio la kuzingirwa kwa manowari, akatia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873. Soko la watumwa la Unguja likafungwa, na mahali pake likaja kujengwa kanisa kuu la Kianglikana. Hata hivyo, utumwa wenyewe ndani ya kisiwa haukukoma wakati wake. Ni lazima jambo hili lisemwe waziwazi katika maisha ya mtu anayesifiwa kwa ujenzi: fedha za majumba yake zilitokana na karafuu, pembe za ndovu na ushuru wa forodha, na karafuu hizo zilichumwa na mikono ya watumwa. Msomaji anayeyastaajabia maajabu ya Barghash hana budi kuikumbuka mikono hiyo.

Mwaka 1875 Barghash alizuru Uingereza. Alikutana na Malkia Victoria, akaonyeshwa London, Birmingham, Liverpool na Manchester, kisha akapitia Paris. Safari hiyo iliandikiwa kitabu cha Kiarabu na Zahir bin Said, mmoja wa watu wa msafara wake. Ikiwa Bombay ilimwonyesha matokeo ya mashine, miji ya viwanda ya Uingereza ilimwonyesha mahali mashine zinakozaliwa. Aliporudi nyumbani alikuwa mnunuzi wa mashine asiyechoka.

Maji na Hamamu

Kazi iliyogusa watu wengi zaidi ilikuwa ya maji. Wakazi wa Mji Mkongwe walikuwa wakitegemea visima vilivyochimbwa karibu na nyumba na vyoo, na kipindupindu kilikuwa kimewafundisha kwa uchungu hatari ya maji hayo. Barghash aliyatoa maji katika chemchemi za upande wa Bububu, kaskazini ya mji, akayaleta kwa mfereji na mabomba hadi mjini, watu wakayateka bila malipo. Neno mfereji lenyewe linastahili kuangaliwa. Katika Kiswahili cha pwani na cha Kenya hutumika kwa handaki la kupitishia maji, na hutumika pia kwa kile chuma chenye kizibo ambacho mtu hukifungua jikoni. Lugha imeyaweka pamoja mwanzo na mwisho wa safari ya maji, kana kwamba inamkumbusha mtumiaji kwamba chuma cha jikoni si kitu bila handaki la mbali.

Mfumo wa maji ni kiumbe kinachotaka kuangaliwa kila siku. Mchanga hutuama katika mabomba, mizizi ya miti hupenya katika maungio, chokaa ya maji hujijenga ndani ya chuma na kuifinya njia. Bomba likipasuka mahali pamoja, uchafu wa nje huingia pale msukumo wa maji unapopungua, na maji yaliyotoka safi kwenye chemchemi hufika mjini yakiwa na ugonjwa. Kwa hivyo mfereji wa Bububu haukuwa zawadi iliyotolewa mara moja. Ulikuwa ahadi iliyopaswa kutimizwa upya kila kukicha, na mtu wa kuitimiza alikuwa fundi mwenye jembe na mpira wa kuzibia, ambaye hakuitwa kwenye baraza lolote.

Pamoja na maji kulikuja Hamamni. Hamamu hiyo ya umma, iliyojengwa na Haji Gulamhussein kwa amri ya Barghash, ilifuata mtindo wa Kiajemi. Mtu aliingia katika ukumbi wa mapokezi, akapita katika vyumba vya baridi, kisha vya joto, akaoga, akanyolewa na kupumzika. Starehe hiyo yote ilisimama juu ya kazi isiyoonekana. Chini na nyuma ya vyumba vile mlikuwa na tanuri, na joto lake ndilo lililopasha maji na sakafu. Moto ukizidi, sakafu huunguza nyayo. Ukipungua, mteja hulalamika. Masizi yasipoondolewa, moshi hukosa njia. Maji machafu yasipopata mkondo wa kutokea, hamamu hugeuka kidimbwi. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba Hamamni lilikuwa jengo la biashara lenye mitambo ya joto, maji safi na maji taka, na kwamba lilihitaji waendeshaji wa zamu. Liliendelea kuogesha watu hadi mwaka 1920. Tangu hapo kuta zimebaki, mabirika yamekauka, na wageni huingia kutazama mahali ambapo maji yalikuwa.

Reli, Meli na Chapa

Mwaka 1879 Barghash alijenga reli ndogo kutoka kasri yake mjini hadi Chukwani, umbali wa maili 7 hivi. Mwanzoni mabehewa yake yalikokotwa na nyumbu. Mwaka 1881 aliagiza Uingereza kichwa kidogo cha gari la moshi. Ni vyema mwanafunzi wa Nairobi atambue tarehe hizi. Reli iliyouzaa mji wa Nairobi ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Kisiwa cha Unguja kiliagiziwa gari la moshi miaka kumi na mitano kabla ujenzi wa reli hiyo haujaanza.

Aliunda pia kikosi cha meli za moshi zilizobeba bidhaa na abiria kati ya Unguja na Bombay. Fahari yake kubwa ilikuwa Glasgow, meli iliyojengwa Uskochi na kukamilika mwaka 1878 kwa kuigwa manowari ya Waingereza yenye jina hilo ambayo aliipenda alipoitembelea. Mnamo 1879 waya wa simu wa chini ya bahari kutoka Aden uliifikia Unguja, na bei ya karafuu ikawa habari ya siku badala ya kuwa habari ya msimu. Mnamo mwaka 1880 mtambo wa kupigia chapa ukafungwa, na kazi za fikihi ya Kiibadhi zilizokuwa zikinakiliwa kwa mkono zikaanza kuchapishwa. Kwetu sisi wanafunzi wa fasihi, mtambo huu una uzito wa pekee. Maandishi yaliyokuwa yakisubiri kalamu ya mnukuzi yalipata mashine, na mashine hiyo nayo ilitaka wino, herufi zisizolika na mtu wa kuisafisha.

Beit al-Ajaib

Mwaka 1883 lilikamilika jumba ambalo watu waliliita Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu. Lilijengwa kwa ajili ya sherehe na mapokezi, likapita kwa urefu majengo yote ya Mji Mkongwe, likazungukwa na roshani pana zinazobebwa na nguzo za chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Milango yake ilichongwa na kupambwa kwa aya za Kurani. Jumba hilo hutajwa kuwa la kwanza Afrika Mashariki kuwekewa lifti, na miongoni mwa majengo ya kwanza ya Zanzibar kuwashwa taa za umeme.

Ajabu ya jengo lile inaeleweka vizuri zaidi na mtu anayejua jinsi nyumba za mawe za pwani zilivyojengwa. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zilibebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ya mkoko haina nguvu ya kuvuka nafasi kubwa, vyumba vya pwani vilikuwa vyembamba na virefu. Upana wa chumba uliamuliwa na mti wa mikokoni. Chuma kilichoagizwa kutoka ng'ambo kiliivunja sheria hiyo. Kumbi za Beit al-Ajaib ziliweza kupanuka, na roshani zake kuning'inia mbali na ukuta, kwa sababu mhandisi alikuwa na mihimili ambayo msitu wa pwani haukuweza kuitoa.

Lakini chuma kilichokuja na uwezo kilikuja pia na deni. Jumba linatazama bahari, na upepo wa bahari hubeba chumvi. Chumvi na unyevu hukila chuma, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza. Mhimili uliozikwa ukutani unaposhika kutu huvimba na kuyapasua mawe yanayoushika. Ufa huingiza maji ya mvua; maji huongeza kutu; kutu hupanua ufa. Mawe ya matumbawe yenyewe hupumua kupitia chokaa, nayo chokaa hutakiwa kupakwa upya mara kwa mara. Mtu akiiondoa na kupaka saruji, unyevu hukosa pa kutokea na ukuta huoza kwa ndani. Lifti nayo huning'inia kwa nyaya zinazochakaa uzi baada ya uzi, na usalama wa aliyemo ndani umo katika breki ambayo lazima mtu aijaribu kila mara. Methali ya ufa na ukuta, ambayo kila mtoto wa shule anaijua, ilikuwa katika jengo lile kanuni ya uhandisi.

Miaka ya Mwisho

Wakati Barghash akiwasha taa, milki yake ilikuwa ikizimwa bara. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alizunguka katika maeneo ya Useguha, Ukami na Usagara akikusanya mikataba, na mapema 1885 Ujerumani ikatangaza ulinzi wake juu ya nchi hizo. Barghash alipolalamika, manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya kasri yake Agosti 1885, mizinga ikielekea kwenye madirisha. Pamoja nazo alikuja Salme, yule mwandishi wa barua za njama ya 1859, ambaye tangu wakati huo alikuwa ameolewa na Mjerumani, akabatizwa na kufiwa na mumewe. Barghash alikataa kumwona.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana bara, wakamwachia Sultani visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Mei 1887 Barghash aliipa kampuni ya Waingereza iliyoongozwa na William Mackinnon haki ya kuuendesha ukanda wa pwani ambao leo ni sehemu ya Kenya. Alikuwa mgonjwa. Mapema mwaka 1888 alisafiri hadi Omani kutafuta nafuu, akarudi, na tarehe 26 Machi 1888, muda mfupi baada ya kuwasili, akafariki akiwa na umri wa takriban miaka 51. Miaka miwili baadaye Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Yaliyofuata yanasomeka kama orodha ya mali ya marehemu. Reli ya Chukwani haikuishi zaidi ya mwenyewe: njia iling'olewa na kichwa cha gari la moshi kikauzwa kama chuma chakavu. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyomalizika kwa muda usiofika saa moja, mizinga ya Waingereza iliizamisha Glasgow bandarini na kuubomoa mnara wa taa uliokuwa mbele ya kasri. Beit al-Ajaib lilipona, na mnara mpya wa saa ukawekwa mbele yake. Kasri ya Maruhubi, iliyojengwa kwa ajili ya masuria, iliteketea kwa moto mwaka 1899. Maji ya Bububu peke yake yaliendelea kutiririka mjini mwaka baada ya mwaka.

Tofauti kati ya reli na maji haielezwi na ubora wa chuma. Reli ilimtumikia mtu mmoja na ikahudumiwa kwa mfuko wa mtu mmoja; mtu alipoondoka, hapakuwa na aliyeona faida ya kuipaka mafuta. Maji yalitumikia mji mzima, na serikali yoyote iliyokuja ililazimika kuajiri watu wa kuyatazama, la sivyo kipindupindu kingerudi. Hata hivyo, wingi wa watumiaji hautoshi peke yake, kama Hamamni na Beit al-Ajaib vinavyoshuhudia. Jumba hilo lilikuwa ofisi za serikali ya kikoloni, kisha chuo cha itikadi baada ya Mapinduzi ya 1964, kisha makumbusho mwanzoni mwa miaka ya 2000, likiwa katika Mji Mkongwe ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2000 kuwa urithi wa dunia. Kila mwenyeji alilitumia. Matengenezo yake yakawa ya mwenyeji anayefuata. Mwaka 2012 sehemu ya roshani na paa ikaanguka. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa imekwisha kuanza kwa msaada wa Omani, sehemu kubwa ya upande wa mbele iliporomoka na kuwaua wajenzi wawili. Watu hao walikufa wakifanya ile maana ya pili ya kutengeneza, iliyokuwa imeahirishwa kwa miaka mingi kabla hawajaitwa.

Kutoka Forodhani hadi Makina

Huenda msomaji akauliza Makina inahusikaje na sultani aliyezikwa Unguja. Uhusiano upo, na ni wa kihistoria. Kampuni iliyopewa ukanda wa pwani mwaka 1887 ilipata hati ya kifalme mwaka uliofuata na kujiita Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya Uingereza. Mwaka 1891 afisa wake, Frederick Lugard, aliwaandikisha askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa karibu na Ziwa Albert. Askari hao na wenzao waliingizwa baadaye katika jeshi la King's African Rifles, na mwanzoni mwa karne ya 20 baadhi yao walipewa makazi katika msitu uliokuwa pembezoni mwa Nairobi, ambao waliuita Kibra. Wazao wao, Wanubi, ndio wenyeji wa kale wa Makina. Hadi leo huzungumza Kinubi nyumbani na Kiswahili sokoni. Saini ya sultani mgonjwa ilikuwa pete moja katika mnyororo uliofika hapo.

Uhusiano wa pili ni wa maji. Wanubi walipewa mahali pa kukaa bila kupewa hati ya ardhi, na jambo hilo liliendelea katika ukoloni na baada ya uhuru, hadi mwaka 2017 walipokabidhiwa hati ya ekari 288. Pasipo hati, mabomba ya maji na ya maji taka hayakuwa na mtu wa kuyadai wala wa kuyajibia. Ndiyo maana katika Kibera mwananchi amezoea kununua maji kwa mtungi, na bomba jembamba la plastiki lililopita juu ya mtaro likipasuka, hutengenezwa kwa ukanda wa mpira na mtu aliye karibu.

Uhusiano wa tatu ni wa watu. Kila alfajiri wakazi wa Kibera huenda kwa miguu kuelekea mjini na Eneo la Viwanda. Miongoni mwao wamo wafagizi, walinzi, mafundi wa mabomba na waendesha jenereta wa majengo marefu ya Nairobi. Wanapanda kwa ngazi za nyuma ili wengine wapande kwa lifti. Wanajua ni pampu gani inayopiga kelele isiyo ya kawaida, tangi lipi la paani limeota ukungu, na mlango upi wa dharura umefungwa kwa kufuli. Jioni hurudi nyumbani. Ujuzi unaozifanya nyumba za wengine zitengenee unalala Makina, lakini Makina yenyewe haijapata mfuko wa kuutumia ujuzi huo kwake.

Hitimisho

Sayyid Barghash alikuwa mtu wa upeo mpana. Alishindwa mara mbili kutwaa kiti, akajifunza katika uhamisho, akatawala kati ya kimbunga na manowari, na katika miaka 18 akauletea mji wake vitu ambavyo miji mingi ya Afrika Mashariki ilivingoja kwa miongo kadhaa. Hukumu ya haki juu yake ni kwamba alivileta kama tunu za nyumba yake, na nyumba ya mtu mmoja haiwezi kuwa karakana ya taifa. Utamaduni wake mwenyewe ulikuwa na dawa ya jambo hili: wakfu, ambapo muasisi wa msikiti au kisima hutenga shamba au duka ili mapato yake yalipie mafuta ya taa, kamba za ndoo na mshahara wa mtunzaji baada ya yeye kufa. Aliyeweka wakfu alikubali mapema kwamba kitu alichokijenga kitachakaa, naye hatakuwapo.

Kwa wanaotunga istilahi na wanaofundisha lugha, pana jambo la kufikiriwa hapa. Nyaraka za serikali na za vyuo siku hizi hutenga ujenzi na matengenezo katika mafungu mawili ya bajeti, na fungu la pili ndilo hukatwa kwanza fedha zinapopungua. Msemaji wa kawaida wa Kiswahili hakuzitenga kazi hizo. Kwake aliyejenga na aliyerekebisha ni watengenezaji wote wawili, na kitu ambacho hakitengenei bado hakijatengenezwa.